Aliyeitwa Kabla Hajalala

Kwanza nilisikia ndara. Ndara nyingi, zikipiga nyayo kwa pupa kwenye njia ya mawe inayopita nyuma ya dirisha letu, na ndara za Kibuyuni kwa kawaida hazina haraka. Nilikuwa nimefunga madirisha ya mbao kukinga jua la mchana, nimeinamia sura ya riwaya iliyokataa kusogea tangu asubuhi, kwa hivyo sikuona chochote. Kisha yakaja matone kwenye mabati, moja huku, jingine kule, kama mtu anayejaribu funguo, halafu yote kwa pamoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Mvua ilikuwa imewashika wanawake wa mwani, na honi ya kuwaonya haikulia.

Nilitoka mbio. Vichanja vyetu ni meza ndefu za miti na nyavu, zimeinuliwa kutoka mchangani, na mwani hutandazwa juu yake ukauke. Pembeni mwa kila kichanja huwa kuna turubai lililokunjwa. Wanawake walikuwa wametoka baharini na viatu vyao vya mpira, leso zilizolowa zikiwagandama miguuni, wanavuta maturubai kwa mikono iliyojikunja vidole kwa chumvi. Mama alikuwa miongoni mwao. Nilishika pembe moja, yeye akashika nyingine, tukavuta. Juu yetu, kwenye mlingoti wake, honi ya dada ilikuwa imetulia, maji yakiitiririka mdomoni kama mtu aliyelala na udenda.

"Imelala," mama alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtoto amelala, asiamshwe.

Mwani uliokaribia kukauka haupendi maji ya mvua. Chumvi inauhama, unapauka, unalegea, na mnunuzi akiutia mkononi anautupa. Ndiyo maana tangu kikundi kianze pamekuwa na mlinzi wa mvua: mwanamke mmoja anayekaa mkekani chini ya paa la makuti, macho juu, wakati wenzake wako majini. Mvua ikija anapiga kelele. Mwanzoni walikuwa wakipokezana. Kisha mama akaumia goti kwenye mwamba, akawekwa mkekani apumzike, na hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Goti lilipona zamani. Kilichobaki ni mazoea ya watu. Kamba zake za mwani zilikuwa zikifungwa na kuvunwa na jirani, na mama, aliyeijua bahari kuliko anavyojua uani kwake, alikuwa akiitazama kwa mbali kama mtu anayetazama harusi kutoka nyumba ya pili.

Kwa hiyo dada akatengeneza honi. Siku za wiki anafanya kazi Diani, katika chumba cha mitambo cha hoteli moja, na kila Ijumaa jioni anarudi nyumbani na mkoba uliojaa nyaya. Alichukua kompyuta ndogo isiyozidi kipande cha sabuni, akaiunga na kibao kinachohisi maji, na betri ya sola, na honi ya lori aliyoipata Ukunda. Programu aliiandika kwa lugha ya C, lugha kongwe ya kompyuta ambayo anaisifu kwa ukali wake. Anasema haikubembelezi wala haikuonyi. Inafanya ulichosema, hata kama sicho ulichotaka. Tulimwagia kibao maji ya kopo mara nyingi na honi ikalia kila mara, mpaka mbuzi wa jirani wakazoea. Kikundi kikaridhika. Mama akaukunja mkeka, akarudi majini, na kwa muda huo mfupi alikuwa akirudi nyumbani ananuka chumvi na anacheka peke yake jikoni.

Na sasa haya.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa kikundi alikuja nyumbani. Mwenyekiti ni shangazi yetu, dada yake marehemu baba, yaani yeye na mama ni mawifi, na mawifi hao hawajawahi kukutana bila kurushiana maneno.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, wifi. Kaa kiti hicho, hicho hakikunyeshewa."

"Usinianze. Nimekuja kwa kazi ya kikundi."

"Basi ungekuja na uso wa kazi. Huo umeuvaa wa kwenda ngomani."

Tulimwamkia, dada na mimi, akatuitikia marahaba bila kututazama, kwa kuwa alikuwa bado anatafuta la kumjibu mama. Akamgeukia dada.

"Mwanangu, honi yako nzuri. Ina sauti ya lori la mchanga. Lakini jana lori lilizima barabarani."

"Najua, shangazi. Nimeikagua usiku kucha. Kibao kizima, betri imejaa, nyaya hazina kosa. Nikimwaga maji inalia."

"Na mvua ya Mungu ikimwagika?"

Dada aliinamia mkoba wake wa nyaya.

"Wenzangu wanataka iteremshwe," shangazi alisema, sasa kwa upole. "Nimewaambia tungoje bamvua moja. Siku hizo chache bahari ikitoka mbali, kazi itakuwa nyingi, mwani utakuwa umejaa vichanjani. Bamvua likiisha bila kosa, honi ikae. Ikikosea tena, tutaiteremsha, na mama yako atakaa mkekani kama zamani. Na hata bamvua hilo lenyewe atakaa, tusije tukapata hasara mara mbili."

"Mkekani mpaka lini?" mama aliuliza.

"Mpaka nife nikuachie uenyekiti."

"Basi nitakaa sana. Watu wabaya hawafi upesi."

Walicheka wote wawili, na shangazi akanywa chai yake. Lakini alipoondoka mama alienda uani, akachukua viatu vyake vya mpira vilivyokuwa vinakaushwa juu ya ukuta, akavikung'uta mchanga na kuviweka chini ya kitanda. Dada alimwona. Mimi nilimwona dada akimwona.

Tulipomaliza chakula cha mchana dada alitutangazia kwamba sote wawili, mama na mimi, tutakuwa kompyuta.

Ninapenda kuikumbuka alasiri hiyo. Nyumba yetu ina ukumbi unaopita katikati, chumba changu upande mmoja, uani upande wa pili, na jua la saa hizo huingia kwa nyuma likalala sakafuni. Dada alisimama katikati ya ukumbi kama mwalimu wa chuo na kutueleza. Ndani ya programu yake kulikuwa na nyuzi mbili, ndivyo zinavyoitwa, kazi mbili zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Uzi wa kwanza ni mlinzi, anahisi kibao. Uzi wa pili ni mpiga honi.

"Mpiga honi anafanya nini wakati hakuna mvua?" mama aliuliza.

"Analala."

"Mchana wote?"

"Analala kabisa, mama. Akikaa macho anauliza mvua ipo, mvua ipo, anamaliza betri."

"Kama wewe ulipokuwa mdogo. Tukienda Msambweni, tangu hapo kituoni unauliza tumefika?"

"Kama mimi. Kwa hivyo analala, na mlinzi akiona mvua anamwamsha. Anaamka pia kila baada ya saa nzima kuangalia betri, kisha anarudi kulala."

Mama akapewa kazi ya mlinzi. Mimi nikawa mpiga honi, kwa kuwa, kama mama alivyosema, kulala mchana nilikuwa na uzoefu. Kwenye meza ya ukumbini dada aliweka kawa la kufunikia chakula. Likiwa limefunika meza, ni kukavu. Likigeuzwa likatazama juu, kuna mvua. Kisha akatundika ufunguo wa kabati la mama kwenye msumari.

"Huo ufunguo ni wa nini?"

"Ni wa kuangalia kawa. Kwenye C tunauita mutex. Nyuzi mbili zikishika kitu kimoja kwa wakati mmoja, zitakiharibu. Kwa hiyo anayetaka kukishika anauchukua ufunguo kwanza, na mwenzake anangoja mpaka aurudishe."

"Hiyo ni kama choo cha nje," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Ni kama choo cha nje."

Sheria ilikuwa moja. Dada atapiga kofi kwa viganja vyake na kumnyooshea mmoja wetu kidole, naye atapiga hatua moja tu. Asiyenyooshewa anakaa kama picha. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna anayegawa zamu hivyo hivyo, na hajali nani amefika wapi.

"Ana upendeleo?" mama aliuliza.

"Hana upendeleo wala huruma."

Nikajilaza kwenye mkeka chumbani kwangu, mlango umeegeshwa. Kofi. Mama, huko uani, aliona mvua. Kofi. Mama akaja ukumbini akaligeuza kawa. Kofi. Mama akaja mlangoni kwangu, na nikamsikia akikohoa kidogo.

"Hodi."

"Karibu," nilisema, kwa mazoea.

"Amka, mwanangu, mvua."

Nikaamka, nikapiga honi kwa mdomo. Tukarudia. Kofi, kofi, hodi, karibu, honi. Dada akawa anabadilisha zamu kwa njia alizoweza kuzifikiria, mara mimi hatua mbili na mama moja, mara mama tatu mfululizo, na kila mara honi ililia. Hatukukosea hata kidogo. Dada alianza kuuma kucha.

"Mama, hiyo hodi. Usiseme hodi. Mlinzi anaita mara moja tu, amka, basi, anarudi kazini kwake."

"Nimwite mtu aliyelala chumbani kwake bila hodi? Nyumba ya nani hiyo?"

"Ni mashine, mama. Haina adabu."

"Basi tusishangae inaharibika."

Lakini alikubali. Tukaanza upya, bila hodi, na bado honi ikalia kila mara. Dada alisimama ukumbini mikono kiunoni. Halafu akamuuliza mama swali ambalo hadi leo ninalikumbuka alivyoliuliza, taratibu, kama mtu anayenyata asimtishe kuku.

"Mama. Nilipokunyooshea kidole umwite, ulisimama kwanza. Kwa nini?"

"Niliona hajalala. Alikuwa bado amesimama na ufunguo wake. Nikangoja ajilaze."

"Ulimwona wapi?"

"Kwa mwanya wa mlango."

"Mlinzi hana mwanya. Haoni. Ukinyooshewa unaita, hata kama amesimama, hata kama hayupo."

"Nimwite mtu ambaye hayuko tayari kuitwa, kisha niondoke?"

"Ndiyo."

Mama aliona ni jambo la ajabu, lakini safari hii aligeuza uso ukutani ili asichungulie, na mimi nikakatazwa kuitikia. Tukaanza tena. Kofi: niliamka, nikachukua ufunguo. Kofi: niliwasha tochi iliyokuwa betri yetu, nikaona ina moto. Kofi: nikalitazama kawa, nalo lilikuwa limefunika meza. Kukavu. Nikageuka kurudi mkekani. Kofi, na kidole kikamwendea mama: akaona mvua. Kofi: mama akaja akaligeuza kawa, nyuma ya mgongo wangu. Kofi: mama akaukabili ukuta na kusema, "Amka." Nilikuwa macho, nimesimama, mdomo umefungwa kwa amri. Kofi: mama akarudi uani. Kofi: zamu yangu. Hatua yangu iliyofuata ilikuwa kujilaza. Nikajilaza.

Dada akapiga kofi. Hakuna aliyekuwa na la kufanya.

"Endeleeni," alisema.

"Mimi nimelala," nilisema kutoka mkekani. "Nangoja kuitwa."

"Na mimi nishaita," mama alijibu kutoka uani.

Ukumbini kawa lilikuwa limetazama juu, limejaa mvua ambayo kila mmoja wetu aliamini ni kazi ya mwenzake. Pangekaa hivyo mpaka saa ya kuangalia betri irudi, na mvua ingekuwa imeshakatika. Hakuna uzi uliokosea hatua. Mlinzi aliita kweli. Mpiga honi alilala kwa haki. Wito tu ndio uliopita wakati hakuna masikio ya kuupokea, na wito wa aina ile hauachi alama, ukishapita umepita.

Dada alikaa chini sakafuni, pale pale kwenye jua, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa leso.

"Ni mimi," alisema. "Nilipokuwa ninaandika kuita, kichwani nilikuwa nasikia karibu. Kila mara. Niliandika hodi nusu. Nilimwacha mlinzi abishe na kuondoka, na sikuona kosa, kwa sababu sijawahi kumwona mtu anabisha na kuondoka bila kungoja aitikiwe."

Mimi, ninayeshinda nikitafuta sentensi, niliona wivu kidogo. Kumbe hata mistari ile mikavu ya C, yenye mabano na vituo vyake, inaweza kubeba lafudhi ya nyumba aliyokulia mwandishi wake.

Marekebisho yenyewe aliyaandika kabla ya magharibi, nasi tukayacheza kwanza ukumbini. Kosa la pili, alituonyesha, lilikuwa kwenye ufunguo. Alikuwa amempa anayelala, akamnyima anayeamsha, hivyo mama aliweza kuligeuza kawa wakati wowote. Sasa hata mlinzi ilimbidi achukue ufunguo kabla ya kuligusa kawa.

"Ningoje ufunguo na mvua inanyesha?"

"Ni kufumba na kufumbua, mama."

Na mimi nilifundishwa kulala upya. Nikishalitazama kawa na kuona kukavu, ninajilaza na ufunguo ungali mkononi, na unaniponyoka wakati ule ule usingizi unaponichukua, kwa hatua moja isiyogawika. Hakuna tena nafasi kati ya kutazama na kulala ambapo mtu angeweza kupita. Na nikiamka, kabla ya kupiga honi, ninachukua ufunguo na kulitazama kawa tena.

"Kwa nini alitazame tena, na ameshaitwa?" mama aliuliza.

"Kwa sababu wakati mwingine uzi unaamka bila kuitwa na yeyote. Inatokea. Usipotazama tena, utapiga honi juani."

"Kama baba yenu, Mungu amrehemu," mama alisema. "Alikuwa akiamka, anakaa kitandani, anauliza nani kaniita? Namwambia hakuna, lala. Analala."

Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mtu wa nne ameingia ukumbini akakaa.

Jumapili dada alifanya jambo lililonishangaza zaidi. Alirudi kwenye programu ya zamani, ile mbovu, na badala ya kuifuta akaupanua ule mwanya wa kati ya kutazama na kulala. Alimwagiza mpiga honi, akishalitazama kawa, asimame kwanza aduwae kabla ya kulala. Tukaenda vichanjani, nikamwagia kibao maji mpiga honi akiwa ameduwaa, na honi ikakaa kimya. Nikamwaga tena. Kimya. Dada alifurahi kama mtu aliyepata pete iliyopotea. Sikujua mtu anaweza kufurahia kitu chake kisifanye kazi, lakini alinieleza kwamba ugonjwa unaojitokeza ukiuita ndio ugonjwa unaotibika. Kisha akaweka programu mpya, na mduwao ule ule ndani yake, nikamwaga maji mpaka kopo likaisha na ndoo ikaisha, na honi ililia kila tone lilipogusa kibao. Akauondoa mduwao. Ikalia bado.

"Na nimeongeza kitu," alisema tulipokuwa tunarudi. "Mpiga honi akisikia, anamjibu mlinzi. Mlinzi asipojibiwa, anaita tena."

"Kwani bila hiyo ingekosea?"

"Isingekosea. Haihitajiki kabisa. Nimeiweka tu."

Tulipomwambia mama, alisema hivyo ndivyo, na akaendelea kukuna nazi.

Bamvua likaja. Dada alikuwa Diani kazini, na mimi nikawa macho yake. Kila siku maji yalipotoka nilichukua daftari langu nikakaa chini ya paa la makuti karibu na mama, nikijifanya naandika. Wanawake walikuwa mbali kwenye maji ya magoti, migongo yao imeinama juu ya kamba, leso zao madoa ya rangi kwenye kijani kibichi cha bahari. Sauti zao zilitufikia vipande vipande, kicheko bila chanzo chake. Mama alitazama juu, kama kazi yake ilivyotaka. Lakini kila kicheko kilipofika macho yake yalishuka, yakaenda huko, yakarudi.

"Wanamcheka nani?" aliuliza mara moja.

"Sijui, mama."

"Watakuwa wanamcheka wifi yangu. Hawezi kufunga fundo. Tangu aanze uenyekiti, amesahau hata fundo."

Siku zikapita na mbingu iko safi, na hilo lilikuwa baya. Honi ambayo haijajaribiwa na mvua haijathibitisha kitu. Shangazi alipita jioni moja akatazama juu, akatazama mlingoti, akasema, "Hata Mungu anakuonea haya, wifi, hataki kukuumbua." Mama akamwambia aende akajifunze mafundo.

Siku ya mwisho ya bamvua maji yalichelewa kutoka, na adhana ya adhuhuri ilipolia wanawake walikuwa wangali majini. Vichanja vilikuwa vimejaa mavuno ya siku zote zile, mwani mkavu unaokaribia kuwa tayari, una harufu ya chumvi na jua. Mama alitia udhu kwa maji ya chupa, akageuza mkeka kuelekea kibla, akaniambia, "Angalia juu kwa niaba yangu," akaanza kusali.

Nilitazama juu. Upande wa bahari kulikuwa kweupe. Sikutazama nyuma, upande wa bara, ambako wingu lilikuwa limeshavuka minazi, na sijui kama ningelitazama kwa wakati. Mama alikuwa katika sijida. Honi ililia juu ya vichwa vyetu kwa sauti ya lori la mchanga, hata daftari likaniponyoka. Nikahisi tone la kwanza baada yake. Baada yake, na hilo nilimwambia dada kwenye simu mara nyingi kuliko alivyoniuliza.

Nilikimbilia turubai la kwanza. Baharini migongo iliinuka yote kwa pamoja, na wale waliokuwa karibu na ufuo wakaja wanarusha maji. Honi haikunyamaza. Mama aliendelea kusali. Aliinuka kutoka sijida kwa taratibu zake, akakaa, akasoma aliyotakiwa kusoma, akatoa salamu kulia na kushoto, na alipofungua macho vichanja karibu vyote vilikuwa vimefunikwa, naye shangazi alikuwa anavuta turubai la mwisho, leso imemwanguka shingoni, anahema.

"Wewe unasali na mwani unanyeshewa?"

"Mwani una mlinzi wake," mama alisema, anaukunja mkeka. "Mimi nilikuwa na kazi nyingine."

Tuliposimama wote chini ya makuti, mvua ikipiga maturubai, shangazi alikwenda akainua ncha ya turubai moja, akatia mkono ndani, akatoa kishada cha mwani. Akakivunja vidoleni. Kilikatika kwa mlio mkavu. Wanawake wengine walisogea wakimngoja.

"Ikae," alisema. Kisha akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona anatafuta neno la utani na kuliacha. "Bamvua lijalo, wifi, njoo ushike kamba zako. Jirani amechoka nazo."

"Nami nimechoka na mkeka wako," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ila alikuwa amekamata mkono wangu kwa nguvu hata nikashindwa kuokota daftari.

Nilimpigia dada simu mvua ikiwa bado inanyesha, ili aisikie. Nyuma yake nilisikia mitambo ya hoteli ikivuma.

"Ililia kabla ya tone?" aliuliza tena.

"Kabla ya langu. Kibao kilipata lake kwanza."

"Na mama alikuwa wapi?"

"Alikuwa anasali."

Akacheka polepole, na nikamsikia akimwambia mtu wa huko kwamba ni nyumbani, ni habari njema, anakuja.

Bamvua lililofuata lilianza Jumamosi. Nilikuwa nimeshaamka, nimekaa ukumbini na sura yangu ya riwaya, ambayo siku hizo ilikuwa imeanza kusogea yenyewe. Dada alikuwa amelala chumbani, amechoka na safari ya jana yake na wiki nzima ya kazi. Mama alitoka chumbani kwake amejifunga leso kuukuu kiunoni, na nyingine kichwani, vile viatu vya mpira mkononi. Alikaa kizingitini akavivaa, akivuta kamba kwa makini, mguu wa lile goti lililoumia kwanza. Alisimama, akalikanyagia goti, akalisikiliza.

"Twende wote?" nilimuuliza. "Nikubebee kamba."

"Kamba zangu nazijua uzito. Wewe kaa uandike. Na dada yako akiamka, chai iko kwenye chupa, viazi vimo chini ya kawa."

"Haya, mama."

Alichungulia chumbani kwa dada, akamtazama kidogo, asimwamshe. Kisha akachukua vishada vyake vya kamba, akavitupa begani, akatoka nje kwenye mwanga mweupe wa asubuhi, na kwa mkono ulio huru akauvuta mlango nyuma yake, polepole, mpaka ukafunga.